Kwa Nini Hatukupanda Mabasi Yako ya Dodoma

Kijiji cha Nghwale,
S.L.P. 14,
Chinyelembe,
Dodoma.

12 Oktoba 2024

Mpendwa mume wangu Lameck,

Mbukwa! Ile shikamoo uliyonipa kwenye simu ya Gladness niliisikia, na marahaba nikakujibu, ila wewe ulikuwa umeshakata. Naijibu tena hapa isije ikabaki inaning'inia: marahaba, mjukuu wangu, marahaba sana. Hujambo? Huyo mke wako mdogo, Brightness, hajambo? Mtoto ameota meno au bado anakula kwa fizi kama mimi? Na joto la huko Dar es Salaam, linawaachia usingizi kidogo?

Sisi tu wazima. Goti langu la kushoto linanisumbua, lakini ni goti, si mimi. Mvua bado. Upepo unapiga vumbi mpaka mlenda unaliwa na mchanga wake. Mbuzi yule mwenye baka jeupe, uliyesema ni wako, amezaa pacha. Mmoja ni wako, mmoja ni wangu kwa kazi ya kumlea mama yake.

Anayeandika ni Gladness, mke wa baba yako mdogo Adamu. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinitengenezee maneno yakawa ya kanisani. Nimeona nikutumie barua kwa sababu simu unaikata ukikasirika. Barua huwezi kuikata. Utaichana, lakini kwanza utaisoma.

Najua umekasirika, na najua kwa nini. Ulihangaika kwa marafiki zako mpaka ukapata mabasi mawili ya kutuchukua watu wa Nghwale kwenda Dodoma kuandamana kwa ajili ya lambo letu. Ulitafuta uwanja, ukatafuta waandishi wa habari, ukasema wanafunzi wa chuo watatuunga mkono na wakubwa wa kule hawana kinyongo na sisi. Mabasi yakaja, yakapiga honi, yakarudi matupu. Dereva mmoja nilimpa karanga za kukuletea. Kama hukuzipata, alizila.

Mume wangu, sikufanya kwa dharau. Ulilia kwenye simu. Ulisema, "Bibi, Chinyelembe watakuumiza." Sauti yako ilikuwa ile ile ya ulipokuwa mdogo ukiniona napanda juu ya paa kutandaza mtama. Niliisikia, nikaiweka moyoni. Ngoja nikueleze basi, kituo kwa kituo.

Lambo unalijua. Tulilichimba wenyewe kwa majembe na karai, baba yako akiwa tumboni mwangu. Nilibeba udongo kichwani naye ananipiga mateke, sijui alikuwa ananihurumia au ananiharakisha. Leo halmashauri ya mji wa Chinyelembe imelizungushia waya wa miiba na kumpa bwana mmoja wa vitunguu. Kwenye lango kuna kufuli kubwa kama kichwa cha ndama. Ng'ombe wetu wanasimama nje ya waya wanayatazama maji. Wanawake tumerudi kuchimba mchanga korongoni kutafuta maji ya kunywa, kama kabla baba yako hajazaliwa. Tulikwenda ofisini kwao, tukaambiwa tusubiri. Tulikwenda tena, tukaambiwa tulishaambiwa.

Halafu Mwenyekiti wa mji, Charles, akapita na gari la kipaza sauti. Eti hakuna mkusanyiko, hakuna bango, hakuna fulana yenye maandishi, na mtu wa Nghwale akikanyaga mjini na malalamiko atalala ndani. Uwanja wa mpira akaufunga. Mama ntilie wakaambiwa wasituuzie hata chai. Chai, Lameck! Mimi Charles nilimfuta kamasi akiwa mtoto, mama yake Anastazia tulikuwa kwaya moja.

Kwa hiyo tulikaa kikao kanisani kuchagua mji. Karibu wote walitaka Dodoma. Mwinjilisti Castory alisema vizuri sana, kwamba Dodoma kuna wabunge, kuna kamera, kuna askari waliozoea watu. Alisema mwenye busara hapigi hodi kwenye nyumba yenye mbwa. Watu wakapiga makofi. Mimi nikasimama, goti likalia kwanza, nami nikafuata.

Niliwauliza, Dodoma wamefunga lambo la nani? Mwiba unatolewa ulipoingilia. Tukienda kulia Dodoma, watatupa maji ya chupa, watatupiga picha, jioni tutarudi. Na Charles atapita na kipaza sauti chake kuwaambia watu wa mjini kwamba tumekwenda kuwasengenya kwa wageni. Hao watu wa Chinyelembe ndio wanaonunua maziwa yetu na kuzika na sisi. Hawajawahi kusikia neno letu hata moja, wamesikia kipaza sauti tu. Hao ndio niliotaka watuone.

Elieth, yule binti wa jirani anayeuza mtama sokoni mjini, akaniambia mbele ya watu, "Bibi, nyie mtarudi Nghwale. Mimi kesho yake nafungua meza yangu pale pale, mbele ya macho yao." Nilimwambia ana haki ya kuogopa. Nakuambia hivi ili ujue kwamba sikuwa jeuri tupu. Hofu yake ilikuwa ya kweli, na ya Castory pia, na ya kwako.

Lakini kuna jambo ambalo vijana hamkuliona, hata baba yako hakuliona. Nikiwa msichana, ng'ombe walikuwa wanaanguka malishoni kama nyumba mbovu za tembe. Mama zetu wakavaa nguo za wanaume, wakashika fimbo za wanaume, wakawatoa ng'ombe wenyewe, wakaifukuza nuksi hadi mpakani na kuitupa ng'ambo. Wanaume siku hizo hukaa nyumbani wakatwanga na kuchota maji. Hawagusi fimbo wala ng'ombe mpaka wanawake waitupe na kuvua zile nguo. Mwanamume akiwaswaga ng'ombe hao, nuksi yote inamwangukia yeye na zizi lake. Na sharti lake moja kubwa ni hili: nuksi inafukuzwa kutoka pale ilipolala. Huwezi kwenda kuifukuza kwa jirani.

Castory akakohoa, akauliza kama hilo si la kishenzi kidogo. Nikamwambia, "Mwinjilisti, kuvaa suruali ni dhambi ya ngapi? Mbona wewe unayo?" Wanawake wakacheka, na baada ya kicheko hicho Dodoma ikawa imeshindwa. Kina mama ndio walioamua. Mimi nilianzisha tu.

Tulichagua siku ya mnada. Charles alikataza bango, fulana na mkusanyiko. Ng'ombe kwenda mnadani hakukataza, maana ushuru wao ndio unaomwekea mafuta kwenye lile gari. Nikavaa koti la babu yako, lile la mgambo ambalo ndugu zake walitaka azikwe nalo nikakataa. Suruali yake niliifunga kwa kamba ya katani. Gladness alivaa ya Adamu, ikampendeza kuliko inavyompendeza mwenyewe. (Hapa amecheka, ameacha kuandika, nimemwambia aendelee.) Elieth nilijua hatakuja. Alfajiri nikamwona anakuja njiani na ovaroli ya kaka yake wa karakana za Kizota, imejaa grisi, na fimbo begani. Akaingia moja kwa moja kati ya ng'ombe. Nami sikumuuliza.

Tuliwapitisha ng'ombe kandokando ya waya wa lambo, kisha tukaingia mjini kwa barabara kubwa. Hakuna aliyepaza sauti. Watu walitoka madukani. Kwanza walicheka, wakasema, "Tazama vikongwe hawa!" Halafu wazee wakatambua, na wakaanza kuwaambia vijana. Nikaona kofia zinavuliwa. Fundi baiskeli mmoja alitupa chini fimbo aliyokuwa ameishika kama imemuunguza.

Tulikusudia kupita mbele ya ofisi ya halmashauri taratibu, kisha twende mnadani. Basi. Nakuapia. Lakini ofisini pale kuna bustani, majani mabichi kama kiangazi hakijafika, na mpira unamwaga maji tangu asubuhi. Ng'ombe wakanusa. Mume wangu, umewahi kumzuia ng'ombe mwenye kiu? Waliingia wote, wakakanyaga maua, wakanywa mpira ule mpaka ukaanza kukohoa. Mle bustanini kuna kibao kinasema watu wasikanyage majani. Ng'ombe hawakuweza kukisoma. Mimi pia.

Sasa kwa kuwa tumesimama, kina mama wakabana muheme magotini, wakaanza kupiga. Hiyo ngoma ya muheme ni ya wanawake, Charles alisahau kuikataza.

Askari mmoja kijana alitufikia mbio, kwa lafudhi ni mtu wa kanda ya ziwa. Akasema, "Nyie wazee, kibali kiko wapi?" Nikageuka. Akaona ni nani aliye ndani ya koti. Akasema, "Ah! Shikamoo, bibi."

Nikamjibu, "Marahaba, mwanangu. Kibali cha ng'ombe kunywa maji kinatolewa dirisha gani? Nielekeze, nikapange foleni."

Alitazama chini, nikajua ana bibi yake mahali fulani. Lakini Charles alikuwa ametoka, anapiga kelele tukamatwe. Wakatuchukua watatu: mimi, Gladness na Elieth. Hawakutupiga, ndiyo maana nakuandikia bila kukuficha. Kituoni yule askari aliniletea kiti chenye mto kwa ajili ya goti, akamwambia Gladness, "Mama, kaeni tu, mimi sijaandika kitu bado." Elieth nilimfunika na upande mmoja wa koti la babu yako, tukakaa tukisikiliza muheme kwa mbali. Hapo niliogopa, Lameck. Nilikukumbuka. Nilisema moyoni, labda huyu mtoto wa Dar alikuwa sahihi, nami nimewaingiza mabinti za watu kwenye shimo.

Yaliyotokea bustanini alitueleza yule askari baadaye, maana aliitwa kurudi kule, tena akicheka mpaka anajifuta macho. Wanawake waliobaki walipiga ngoma tu, hawakugusa ng'ombe. Charles akaita mtu wa kuwatoa ng'ombe bustanini. Akamwita mlinzi wa ofisi, mlinzi akaweka rungu chini. Akawaita wachinjaji wa mnadani, wakasema mikono inawauma. Vijana wa bodaboda wakawasha pikipiki, wakaondoka. Akamgeukia askari wetu, naye akajibu, "Mheshimiwa, mimi nimefundishwa kukamata watu. Ng'ombe sikufundishwa."

Charles akachukua simu, akampigia mama yake. Anastazia siku hizi ni kiziwi nusu, kwa hiyo aliiweka kwa sauti kubwa na mji wote ukasikia.

"Mama, ni kweli haya wanayosema?"

"Charles, umewagusa?"

"Bado, mama."

"Tia mikono mfukoni, mwanangu. Itie yote miwili."

Na akaitia! Mbele ya watu wa mnada mzima. Sikumcheka niliposikia, nakwambia kweli. Mtu anayemsikiliza mama yake bado hajapotea.

Wakaja kututoa. Charles akaniambia kwa sauti ya chini, ile ya zamani, "Bibi Raheli, naomba uwatoe ng'ombe wako." Nikamwambia nitawatoa, ila njia yetu inakwenda hadi korongo la mpakani, na inapita katikati ya lambo. Nuksi haiwezi kuruka waya. Nyuma yangu walikuwepo watu wa mjini, wanunuzi wa maziwa, fundi baiskeli, mama ntilie waliokatazwa kutuuzia chai. Mmoja wao akaniletea kikombe pale pale, mbele yake, cha tangawizi. Nikanywa bila haraka.

Charles akatuma mtu na ufunguo.

Lango lilipofunguliwa, ng'ombe waliingia mpaka tumboni. Wewe usingeyaamini macho yako. Elieth alikaa ukingoni na ovaroli yake, miguu majini, akalia kama mtoto. Charles alitufuata hadi pale, akatangaza bila kipaza sauti kwamba lango litabaki wazi mpaka kikao cha madiwani mwezi ujao, kisha wataona.

Kina mama wakataka tuendelee korongoni tukaitupe nuksi, tuvue, twende nyumbani tukapike. Nikawazuia. Nikasema lango lililofunguliwa kwa muda bado ni lango lililofungwa. Tukiitupa leo, kesho kufuli linarudi. Tukarudi nyumbani na nguo zetu za kiume.

Kwa hiyo, mume wangu, ninakuandikisha barua hii nikiwa ndani ya koti la babu yako. Linawasha. Hatujavua, hata mmoja. Nuksi bado haijatupwa, na sharti ni sharti. Sisi tunachunga na kuwanywesha lambo kila siku. Wanaume wanatwanga. Baba yako mdogo Adamu amepata malengelenge mikono yote. Juzi alisonga ugali wa uwele ukawa kama udongo wa kufinyangia, tukaula, tukamshukuru. Castory anabeba maji kichwani na anayamwaga nusu njiani. Kila asubuhi, kabla hajashika ndoo, anakwenda kwa diwani kuuliza kikao ni lini. Hapo zamani alikuwa anasema tuwe na subira.

Sikufichi la uchungu. Meza ya Elieth wameing'oa sokoni siku ya pili. Alikuwa amesema, na ikawa. Sasa anatandika gunia chini nje ya soko, na wapo wateja wanaotoka ndani kumfuata. Hawatoshi. Nikimwona kwenye vumbi lile, moyo unanipiga. Kama marafiki zako wale wa mabasi wana nguvu iliyobaki, huyu ndiye wa kumsaidia, wamtafutie mtu wa sheria. Mimi hilo sijui kulifanya. Wewe unajua, na ninajivunia kwamba unajua.

Na waandishi wako wa habari, waje. Ila waje Chinyelembe siku ya kikao, wasitusubiri Dodoma. Ng'ombe tutawaleta. Bustani wameiotesha upya, nimeona.

Na wewe uje. Najua bado una hofu, uje nayo hivyo hivyo, ipo nafasi. Usilete mabasi. Usilete fulana. Fimbo hutashika wala hutachunga, kwa maana wewe ni mwanamume na sisi bado tumevaa. Nimemwambia Adamu akuchongee mchi wa mpingo, mzito kidogo, na kinu chako nimekiweka karibu na changu ili nikuone unavyotoka jasho. Siku madiwani watakapotoa lile kufuli moja kwa moja, tutakwenda korongoni, nitavua koti hili, na utalivaa wewe. Babu yako alikuwa na mabega kama yako.

Msalimie Brightness, mwambie simwonei wivu sana. Mbusu mtoto kwenye fizi. Msalimie shangazi yako Mwanasha wa Mbagala, mwambie mlenda mkavu ulio kwenye kifurushi hiki ni wake nusu, usiule wote. Adamu anakusalimu kwa mikono yake miwili yenye malengelenge. Elieth anakusalimu. Gladness naye anakusalimu, na anasema mkono umechoka.

Mungu aliyetupa maji yale akulinde njiani, akufikishe ukiwa mzima, na asiruhusu mtu yeyote kufunga lango mbele yako.

Alama hii ya kidole gumba ni yangu mwenyewe, si ya Gladness.

Mkeo wa kwanza, anayekupenda kuliko hao waliokuja baadaye,

Bibi Raheli, mwenye suruali.